Je, wajua kwa nini wanasayansi hufundishia ndani ya ulimwengu pepe?

Samaki wamekufa bwawani, wanaelea matumbo juu. Wanafunzi wanaoliona tukio hilo kwenye kompyuta hawaambiwi sababu. Kazi yao ni kuitafuta.

Bwawa hilo limo ndani ya EcoMUVE, ulimwengu pepe, yaani mazingira yaliyoigizwa ndani ya kompyuta, uliobuniwa na watafiti wa elimu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kila mwanafunzi anaingia akiwa na avata yake, yaani mhusika anayemwakilisha, anazunguka ufukweni, anapima joto la maji, fosfeti (kirutubisho cha mimea kilichomo kwenye mbolea) na oksijeni iliyoyeyuka, anawahoji watu anaowakuta njiani. Anaweza pia kujifanya mdogo kupita kiasi na kupiga mbizi akatazame viumbe wasioonekana kwa macho. Lakini kubwa kuliko yote, anaweza kubadilisha tarehe: akarudi nyuma siku nyingi kabla ya samaki kufa, akapima tena mahali palepale.

Uhondo wote uko kwenye hizo tarehe. Ukiona samaki wamekufa, wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu kamwaga sumu. Hakuna sumu. Mvua ilisomba mbolea kutoka nchi kavu ikaiingiza bwawani, mwani ukanawiri kwa fosfeti, kisha mwani ukaanza kufa. Bakteria wanaouozesha wakatumia oksijeni ya maji hadi samaki wakakosa hewa. Kwa hiyo chanzo kilikuwa mbali na bwawa, kilitangulia kwa siku nyingi, na kilipitia viumbe ambao jicho haliwaoni. Darasa likipelekwa kwenye bwawa halisi kwa siku moja litaona mizoga tu, na litarudi na jibu la sumu.

Hapo ndipo ulimwengu pepe unapokizidi kitabu, na hata safari ya masomo: pale sababu na matokeo yanapotenganishwa na muda, umbali au ukubwa. Mahali pengine, kwa maoni yangu, ni mapambo. Mwaka 2006 taasisi ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, NOAA, ilifungua kisiwa chake ndani ya Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni ulio wazi kwa umma, ambapo mgeni aliweza kusimama ufukweni tsunami ikija na asilowe. Inasisimua, sawa. Ila ukishalitazama wimbi mara moja, na hujaachiwa swali la kulitafutia jibu, utarudi kufanya nini?

Na wala tusidhani kwamba miwani ya uhalisia pepe inatibu tatizo hilo. Mwaka 2019 mtafiti Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliotumia maabara pepe, wengine kwa miwani, wengine kwa skrini ya kawaida. Waliovaa miwani walijihisi wako maabara hasa kuliko wenzao, lakini walijifunza kidogo zaidi. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha akili zao zilikuwa zimeelemewa.

Kuna udhaifu mwingine: ulimwengu wa namna hii kwa kawaida hukupa kile tu alichokiweka aliyeuandikia programu. Ila kuna mara moja ulipowashangaza hata waliouunda. Septemba 2005, katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta ambao watu wengi huucheza pamoja mtandaoni, joka Hakkar lilipewa laana ya kupunguza uhai wa mchezaji na kuruka kwa aliye karibu naye. Ilikusudiwa iishie palepale kwenye pambano. Lakini wanyama wafugwao wa wachezaji waliibeba hadi mijini, wahusika wanaoendeshwa na kompyuta wakaambukizwa bila kufa na kuendelea kuisambaza, na mitaa ikajaa mifupa. Wapo waliojitolea kutibu wengine, wapo waliokimbilia porini, na wapo walioisambaza makusudi. Waundaji walishindwa kuidhibiti kwa karantini, ikabidi wazianzishe upya seva, yaani kompyuta zinazouendesha mchezo.

Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu kisa hicho mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Kilichomvutia Fefferman zaidi ni wachezaji waliosikia habari za ugonjwa wakaenda kuchungulia tu, kisha wakaondoka wameambukizwa. Modeli zake za kompyuta za kuiga kuenea kwa magonjwa hazikuwa na watu wa aina hiyo. Bila shaka kuna la kupinga: mchezaji akifa anafufuka, hivyo ni rahisi kwake kujitosa. Lakini hata mwenye uhai mmoja huweza kujiambia kwamba atasogea kidogo tu, atazame, arudi.