Goti Linauma, Nyonga Ndiyo Inayoteleza: Maswali ya Wazazi Kuhusu Upasuaji

Musawo (daktari), mtoto analalamikia goti. Mbona mnampiga picha ya nyonga?

Kwa sababu mara nyingi goti halina kosa. Maumivu ya nyonga husikika pajani na gotini, maana neva ni zilezile. Kila mara tunapokea vijana waliofungwa bandeji ya goti na kumezeshwa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa miezi, na hakuna aliyewahi kuigusa nyonga. Kijana wa miaka 10 hadi 16 akichechemea, na mguu ukigeukia nje, pimeni nyonga.

Nyonga imefanya nini?

Chini ya kichwa cha fupa la paja kuna gegedu, yaani mfupa laini, ambapo mfupa hurefukia. Wakati wa kubalehe gegedu hilo huweza kulegea, kichwa kikakaa upande kama kifuniko cha sufuria. Uzito mkubwa huongeza hatari, ila watoto wembamba nao hupata.

Hakuna dawa, bila kisu?

Hakuna. Dawa ya maumivu inampa nguvu ya kutembea, na kutembea ndiko kunakozidi kukitelezesha kichwa.

Basi akandwe kwanza na waunga mifupa wa kijijini?

Hapana. Asikandwe, asivutwe mguu, asichuliwe kwa samli wala kwa mafuta ya aina yoyote. Kichwa hicho kinalishwa na mishipa midogo ya damu inayopita shingoni mwa mfupa. Ukivuta, mishipa hukatika na kichwa hufa. Najua mnayemwendea ni mtu wa heshima, na pengine aliwahi kuunga mkono wa mjomba ukapona. Huu si mkono uliovunjika. Asikandwe.

Upasuaji wenyewe ukoje?

Anayeweza kukanyaga, hata kwa magongo, kwa kawaida hutiwa skrubu moja kupitia kijitundu kando ya paja, daktari akiifuata kwenye skrini ya eksirei. Hatukilazimishi kichwa kirudi. Tunakishika pale kilipo ili kisiendelee, na gegedu lifunge. Baada ya hapo ni magongo kwa wiki kadhaa. Skrubu mara nyingi haitolewi.

Asiyeweza kukanyaga kabisa ni dharura. Kichwa hurudishwa taratibu sana au huachwa kilipo, damu iliyojaa kwenye kiungo hutolewa, kisha skrubu. Hata hapo matokeo hayana uhakika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1993 ulikuta kichwa kimekufa katika nyonga 14 kati ya 30 za aina hii. Kwa wale waliokuwa bado wanakanyaga, nyonga 25, hakikufa hata kimoja. Kwa hiyo leteni mtoto akiwa bado anachechemea.

Kichwa kilichoteleza mno huenda kikahitaji mfupa ukatwe na kupangwa upya. Hiyo ni kazi kubwa, na si kila hospitali inaiweza.

Na nyonga ya pili?

Nayo inaweza kuteleza, mara nyingi ndani ya miezi 18. Ndiyo maana tunapiga picha zote mbili, na kwa mtoto mdogo daktari anaweza kushauri zote zitiwe skrubu kwa pamoja. Msidhani anatafuta pesa.

Yuko darasa la saba. Asubiri amalize PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda?

Hapana. Swali hili hurudi kila muhula wa tatu, na jibu ni lilelile: hapana. Anayechechemea leo anaweza kujikwaa kwenye ngazi za bweni kesho, akawa yule asiyekanyaga kabisa. Matroni naye aache kumwambia kuwa anakwepa kufagia.

Tufanye nini leo?

Mnyang'anyeni mpira na jembe. Asikanyage mguu huo tena. Asipandishwe bodaboda: kule kutanua mapaja ni kuichokoza nyonga, basi tafuteni gari hata la jirani. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, si duka la dawa, na muombe eksirei ya nyonga zote mbili. Wakishindwa, watawaandikia barua ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, au hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe. Mkishapewa barua hiyo, safari ni siku hiyohiyo. Msipitie nyumbani kushauriana na ukoo; wapigieni simu mkiwa njiani.