Moto hautibu upinde uliochongwa vibaya

Upinde ukianza kulala, yaani ukifunguliwa ugwe haunyooki tena kama zamani, wachongaji wengi hukimbilia moto wakidhani joto litafuta makosa ya randa. Joto hukaza mti vile lilivyoukuta. Palipo pembamba panapojikunja kupita kwingine, hata baada ya moto patajikunja vivyo hivyo. Na vile vikunyanzi vinavyokatiza tumbo la upinde ni nyuzi zilizokwisha kupondeka, hazirudi.

Moto una kazi yake, ila ni nyingine. Ugwe unapovutwa, tumbo, yaani upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa, nao mgongo hunyooshwa. Joto huusaidia mti kustahimili kubanwa lakini huufanya ukatike upesi unaponyooshwa. Ndiyo maana huchomwa tumbo peke yake, polepole, mpaka rangi igeuke hudhurungi. Wapo wanaosema kadiri unavyochoma ndivyo unavyokaza. Tumbo lililogeuka makaa halibebi kitu.

Kosa la kusikitisha zaidi huja baadaye: "Umeshapoa, tia ugwe." Usitie! Mti uliotoka motoni umepoteza unyevu, na kupoa hakuurudishi. Miti mingi ya pinde hufaa ikiwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10 hivi. Uache siku kadhaa, uupime kwenye mizani, na uzito ukiacha kupanda ndipo uukunje. Utaukuta mgumu zaidi, na mara nyingi mikono yake miwili, yaani nusu ya juu na ya chini, haikukazana sawa. Kazi ya kuilinganisha inaanza upya, safari hii kwa kikwaruzo, tupa ikae pembeni.

Tupa ina hatari kwa sababu ya hesabu ambayo wengi huikosea. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, ugumu hupungua asilimia 10. Unene hauko hivyo: ugumu hufuata unene mara unene mara unene, kwa hiyo asilimia 10 ya unene huondoka na asilimia 27 ya ugumu. Kwaruza kidogo, vuta kifupi mara 20 au 30, kisha tazama, maana mti huchelewa kuonyesha ulichoutoa.

Wala usiuvute hadi mwisho eti "uone unavyopinda". Kama unataka upinde unaohitaji nguvu ya ratili 40 ugwe ukivutwa inchi 28, mizani unayovutia ugwe ikisoma 40 simama, hata kama umefika inchi 15 tu. Ukiona kasoro, simama kabla ya hapo.

Kuna pia imani kwamba kila upinde ukivutwa lazima ujikunje kama nusu duara kamili. Mikono inayochongoka sawasawa kuelekea ncha, yenye unene uleule, ndiyo hupinda kama kipande cha duara. Yenye upana uleule kwa sehemu kubwa hupendeza ikipinda kama yai. Mkono wa chini nao mara nyingi huachwa mgumu kidogo kuliko wa juu, hasa kwa mpigaji anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini yake.