Bwawa la starehe nalo ni bwawa: yakaguliwe haya kabla ya masika

"Bwawa hili lipo tangu enzi za mkoloni, litavunjika leo?" Ndilo jibu tunalopewa kila msimu, tukihimiza ukaguzi, na wenye vilabu, hoteli na mashamba ya zamani yaliyogeuzwa bustani za mapumziko. Umri wa tuta la udongo, yaani ukuta unaozuia maji ya bwawa, si cheti. Tuta lilipimwa kwa mto uliokuwa na msitu juu yake. Leo huko juu kuna mabati na lami, na mvua ile ile huteremka yote kwa mkupuo.

Adui wa kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Saruji huweza kustahimili kwa muda, udongo hauwezi: maji huanza kula upande mkavu kutoka chini, yakapanda hadi mgongoni, yaani juu kabisa ya tuta, na ufa ukishafika upande wa maji hakuna gunia litakalouziba. Ndiyo maana kuna utoro, yaani njia ya pembeni ya kumwaga maji ya ziada. Kutoka kizingiti cha utoro hadi mgongo wa tuta, bwawa dogo libaki na angalau mita 1. Pima kimo hicho kwa bomba la mpira mwangavu lililojazwa maji, kila baada ya mita 10, kwa sababu tuta hulala polepole, hasa katikati palipo na kina. Pakishuka sentimita 30, furiko lote litapita hapo.

Na utoro huo ndio watu wa starehe wanaouharibu zaidi. Wengine huweka mbao ili mashua zielee vizuri, wengine wavu samaki wasitoroke, na tumeona hata meza za nyama choma zikipangwa ndani yake. Huko Pennsylvania, Marekani, klabu ya uvuvi na uwindaji ilimiliki bwawa la udongo la South Fork. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa zamani na hayakurudishwa, mgongo wa tuta ukashushwa ili magari ya farasi yapite, utoro ukawekwa wavu wa samaki. Mvua kubwa ilipokuja, takataka ziliuziba wavu. Tarehe 31 Mei 1889 tuta likaenda, na watu 2,209 wakafa huko Johnstown na vijiji vya bondeni.

Hapa kwetu Kenya, Aprili 2024, ilienea kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka na kuangamiza watu Mai Mahiu. Kumbe lile lilikuwa tuta la reli lililokusanya maji baada ya kalvati chini yake kuziba. Udongo haujui umeitwa bwawa au reli. Bwawa la Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipopasuka tarehe 9 Mei 2018, lilikuwa la udongo, la mtu binafsi, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha.

Adui wa pili hafanyi kelele. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na kuvuja si kosa; kosa ni kutojua linavuja kiasi gani. Kusanya maji ya mguuni mwa tuta kwenye mfereji mmoja, simamisha ubao wenye pengo la umbo la V la nyuzi 90, usome kina cha maji juu ya ncha ya pengo kila wiki. Sentimita 5 ni takriban lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4. Kina kikiwa maradufu, mtiririko umeongezeka karibu mara sita. Kisha teka maji hayo kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie usiku kucha. Yakiacha tope chini, tuta linaliwa kutoka ndani, hata kama nje nyasi ni nzuri za kupigia picha.

Chemchemi ikibubujika na mchanga upande mkavu, usiizibe kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yatatafuta pengine. Ifunike kwa mchanga wa chembe kubwa, juu yake kokoto, juu yake mawe: maji yatoke, udongo ubaki.

Mikaratusi ya kivuli juu ya tuta haifai. Mizizi ikioza huacha njia za maji. Lakini usiung'oe mti mkubwa bwawa likiwa limejaa. Kwanza maji yapunguzwe, shimo lijazwe udongo ulioshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Kupunguza nako kuna mwendo: sentimita 30 kwa siku zinatosha kwa tuta kuukuu, la sivyo upande wa maji, ukiwa bado umelowa, huporomoka.

Kuhusu kibali: hoja kwamba "hatuyatumii maji, tunayatazama tu" haina mashiko. Ukizuia mto umeutumia. Mamlaka ya Rasilimali za Maji huweka mabwawa katika madaraja: A, kina chini ya mita 5 na ujazo chini ya mita za ujazo 100,000, B, hadi chini ya mita 15 na ujazo usiozidi 1,000,000, C, zaidi ya hapo. Ukubwa wa eneo linaloleta maji nao huangaliwa. Anayekiuka Sheria ya Maji ya 2016, pale ambapo adhabu mahususi haikutajwa, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Asiye na kibali aanze na ofisi ya Mamlaka hiyo ya bonde la mto iliyo karibu, akiwa na ramani ya kiwanja, vipimo vya tuta, na ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa. Makala haya hayachukui nafasi ya ripoti hiyo.

Wapo pia wanaosema bwawa lililojaa tope halina hatari. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 na ambalo watu waliliendeshea mashua, leo limesongwa na tope na gugumaji. Tope huchukua nafasi ya maji, kwa hiyo furiko halipati pa kupumzikia na hufika utoroni mapema zaidi.

Ukiona maji yenye tope mguuni mwa tuta usiku wa mvua, usikate tuta kwa jembe ili kulipunguzia mzigo. Mfereji huo ndio utakaokuwa ufa. Fungua vali ya bomba la kutolea maji kadiri mhandisi alivyoelekeza, na simu ya kwanza iende kwa walioko bondeni. Ofisini utapiga baadaye.