Plasmidi za hamira: mama akigawanyika, binti anarithi nini?

Plasmidi ni kipande cha DNA chenye umbo la pete, kinachojinakili chenyewe nje ya kromosomu. Wanafunzi wengi hukutana nayo kwenye somo la bakteria, lakini hamira nayo inazo, na huko urithi wake una vituko zaidi.

Hamira tunayoumulia mandazi, Saccharomyces cerevisiae, haijikati katikati. Huchipua. Kinundu huota ubavuni mwa seli mama, kinanenepa, na pakiwa na sukari ya kutosha, baada ya kama saa moja na nusu hujitenga kikawa seli binti. Wakati wote huo utando wa kiini hauvunjiki; kiini chenyewe hurefuka, kikapenya kwenye shingo nyembamba iliyopo kati ya mama na binti, ndipo kinagawanyika.

Kromosomu hupita bila shida kwa sababu kila moja ina sentromia, mahali zinaposhika nyuzi za kuivuta. Plasmidi yenye ARS peke yake, yaani sehemu ya kuanzia kujinakili, haina pa kushikwa. Itajinakili vizuri tu, hata zifike nakala nyingi, lakini zitang'ang'ania kwa mama. Hapo usiseme ni bahati mbaya. Nakala 20 zingekuwa zinagawanywa kama kurusha sarafu, binti angekosa zote mara moja tu katika takriban mara milioni. Wanasayansi Andrew Murray na Jack Szostak walipofuatilia ukoo wa seli moja moja mwaka 1983, walikuta mabinti wakitoka mikono mitupu mara kwa mara huku mama akiwa amejaa.

Dawa yake ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1980 Louise Clarke na John Carbon walitenga sentromia ya kromosomu ya 3. Ukiipachika kwenye plasmidi, plasmidi hiyo hufanya kama kromosomu ndogo: nakala moja au mbili kwa seli, na hupotea kwa nadra kuliko ile ya ARS tupu, ingawa haifikii uthabiti wa kromosomu kamili.

Ninayoihusudu mimi ni plasmidi ya asili iitwayo mikroni 2. Ina jozi za herufi 6,318, na seli moja huwa na nakala kama 40 hadi 60. Sentromia ya kawaida haina, na hakuna faida inayojulikana inayompa mwenyeji wake. Inaishije, basi? Inadandia. Protini zake mbili, Rep1 na Rep2, hukamata sehemu yake iitwayo STB na kuiunganisha na kromosomu, ikavuka shingo kwa nauli ya wenzake. Nakala zikipungua, protini yake nyingine, Flp, hugeuza kipande cha DNA katikati ya kunakili, na mzunguko mmoja ukazaa nakala kadhaa.

Maabara, plasmidi hupewa kazi ili isitupwe. Chukua hamira isiyoweza kutengeneza urasili, kemikali ambayo seli haikui bila hiyo, ipe plasmidi yenye jeni ya URA3 inayoiwezesha kuitengeneza, kisha ikuze kwenye chakula kisicho na urasili: binti aliyekosa plasmidi hukwama. Ukiihamishia usiku kucha kwenye chakula kilichojaa kila kitu, waliokosa nao wataongezeka. Asubuhi paka kiasi kilekile kwenye sahani mbili, moja yenye urasili na moja isiyo nayo, kisha subiri siku mbili tatu uhesabu makoloni, yaani vidoa vya seli vilivyoota. Pengo kati ya sahani hizo ni mabinti walionyimwa.