Akili mnemba katika tiba ni nini?

Akili mnemba katika tiba ni programu za kompyuta zilizofunzwa kwa picha, vipimo na kumbukumbu nyingi za wagonjwa, hadi zikaweza kukisia hali ya mgonjwa mpya. Hakuna aliyeziandikia dalili za ugonjwa moja baada ya nyingine. Zimeoneshwa, kwa mfano, maelfu ya picha za eksirei ya kifua, hizi za wenye kifua kikuu na hizi za wasio nacho, zikajifunza zenyewe ni vivuli gani huambatana na ugonjwa.

Nashika mfano wa kifua kikuu kwa sababu hapo manufaa yake yanaonekana wazi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu hizi zitumike kusoma eksirei badala ya mtaalamu, katika uchunguzi wa awali wa watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa nchi zetu, ambako wilaya nzima inaweza kukosa daktari wa radiolojia, hilo ni jambo kubwa sana. Mashine ya eksirei ya kubeba inafikishwa kijijini au gerezani, picha inapigwa, na jibu linatoka muda uleule. Mtu ambaye hata hajaanza kukohoa anaweza kugundulika kabla hajawaambukiza wanawe.

Ila jibu lenyewe si "anaumwa" au "haumwi", kama wengi wanavyodhani. Programu hutoa alama, mara nyingi kati ya 0 na 100, na wanaoendesha huduma ndio wanaopanga kuanzia alama ngapi mtu atoe makohozi yakapimwe. Wakishusha kiwango, wazima wengi watapelekwa maabara na vifaa vya kupimia vitaisha mapema. Wakikipandisha, baadhi ya wagonjwa watarudishwa nyumbani na vimelea vyao. Kompyuta haijui lipi ni afadhali. Huo ni uamuzi wa watu, tena watu wanaoijua jamii wanayoihudumia, kwa sababu kiwango kilichofaa kwingine huenda kisifae hapa. Mchimbaji wa Mirerani aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka, au mtu aliyeugua TB akapona na kubaki na makovu mapafuni, anaweza kupewa alama ya juu ilhali hana TB.

Mashine pia hubeba dhuluma iliyomo kwenye kumbukumbu ilizofunzwa. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilipima uhitaji wa mtu kwa gharama za matibabu yake. Wamarekani Weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kuliko Wazungu wenye maradhi kama yao, basi ikawaona wana nafuu. Watafiti walikokotoa kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, Weusi miongoni mwa wanaopata msaada huo wangeongezeka kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Na rangi ya mtu haikuwamo kabisa katika taarifa ilizopewa programu! Ndiyo maana mtengenezaji akisema "hatukuuliza kabila wala rangi", hajatuhakikishia chochote.

Kuna na mazingira ya kazi. Programu ya Google ya kusoma picha za macho ya wenye kisukari ilipopelekwa kwenye kliniki za Thailand, zaidi ya picha moja katika kila tano ilikataliwa, nyingi kwa sababu ya mwanga mbaya wa chumba. Wagonjwa waliambiwa waende kwa mtaalamu siku nyingine, hata wale ambao nesi aliyaona macho yao hayana tatizo.

Kwa hiyo ukipigwa eksirei ikasomwa na kompyuta, una haki ya kuuliza nani atalipitia jibu hilo na kipimo gani kinafuata. Alama ya juu pekee haithibitishi TB, makohozi yapimwe. Alama ikiwa ya chini na kikohozi kimepita wiki mbili, usikubali kurudishwa nyumbani bila kupimwa.