Mkopo wa nyumba uchumi unapoyumba: piga hesabu ya riba itakayokuja

Uchumi ukiyumba, watu wa aina mbili hufika kwenye dawati la mikopo ya nyumba. Wa kwanza anataka kununua. Amesikia kwamba wenye nyumba wamebanwa, bei zinashuka, na anahofia fursa isimpite. Wa pili alishanunua miaka michache iliyopita, na sasa amepokea ujumbe wa benki kwamba riba imepanda na makato yake yataongezeka kuanzia mwezi ujao. Naanza na huyu wa pili, kwa sababu yanayompata leo ndiyo ambayo wa kwanza hajayapigia hesabu.

Nchini Kenya, mikopo mingi ya nyumba ni ya riba inayobadilika. Mkataba unaweza kusema miaka 20, lakini kiwango cha riba unachosaini siku ya kwanza hakijafungwa kwa miaka hiyo yote. Benki Kuu ya Kenya (CBK) ikipandisha kiwango chake cha riba, ambacho benki hukifuata, benki nazo hupandisha, na mkopo wako hupanda nazo. Wengi huliona jambo hili kwenye mkataba, wakaweka sahihi, na wasirudi tena kulifikiria.

Tumchukue mwalimu wa Nakuru, mfano tu, aliyekopa shilingi milioni 6 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12.5. Kila mwezi analipa takriban 68,170. Katika makato ya mwezi wa kwanza, 62,500 ni riba tupu, na zinazopunguza deni lenyewe hazifiki hata 5,700. Baada ya miaka miwili atakuwa ameshalipa zaidi ya shilingi milioni 1.6, lakini deni limepungua kwa kama 154,000 tu. Bado anadaiwa karibu milioni 5.85.

Hapo riba ikipanda hadi asilimia 16, na muda wa mkopo ukibaki uleule, makato yake yanafika takriban 82,700. Ni nyongeza ya zaidi ya 14,000 kila mwezi kwa mtu ambaye mshahara wake haujasogea. Wengi wanaofika hapo huomba jambo moja: tuongezewe miaka, makato yabaki vilevile. Ombi lina mantiki, na wakati mwingine husaidia. Kwa mwalimu huyu halisaidii hata kidogo. Kwa asilimia 16, riba peke yake kwenye milioni 5.85 ni kama 78,000 kwa mwezi. Akiendelea kulipa 68,170, hata akipewa miaka 40, deni litakuwa linakua badala ya kupungua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba miaka michache ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Deni bado ni zima, na kila asilimia inayoongezeka inalipiga lote.

Swali linalofuata huwa: je, uchumi ukidorora riba si hushuka? Hushuka mara nyingine, na inategemea uchumi umeumia wapi. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli, shule na viwanja vya ndege, uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3. Mfumuko wa bei haukuwa tishio, kwa hiyo CBK ilishusha kiwango chake hadi asilimia 7 mwezi Aprili na kukiacha hapo kwa miaka miwili. Riba ilikuwa nafuu, lakini kazi zilipotea.

Dhiki ya 2022 hadi 2024 ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Bei za chakula na mafuta zilipaa, mfumuko ukafika asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022. Shilingi ikaporomoka hadi dola moja ikakaribia 160 mapema 2024, huku nchi ikiwa na deni la Eurobond, yaani hati fungani iliyouzwa katika masoko ya nje, la dola bilioni 2 la kulipa mwezi Juni mwaka huo. CBK ilipandisha kiwango hatua kwa hatua: 7.5 mwezi Mei 2022, 10.5 Juni 2023, 12.5 Desemba, kisha 13 Februari 2024. Ilianza kukishusha Agosti 2024. Kwa hiyo mwenye mkopo aliumia mara mbili kwa wakati mmoja: unga na nauli vilipanda, na makato ya nyumba nayo yakapanda.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unapopotosha, maana mwingi umetoka Marekani. Kule mkopo wa kawaida ni wa miaka 30 na riba haibadiliki. Januari 2021 riba hiyo ilishuka hadi wastani wa asilimia 2.65, na aliyekopa wakati huo bado analipa vilevile hata baada ya riba za sokoni kupita asilimia 7. Mmarekani anayeambiwa "nunua sasa riba iko chini" anaweza kuifunga riba hiyo maisha yake yote ya mkopo. Mkenya aliyekopa 2021 kwa riba inayobadilika hakuwa na kitu cha kufunga. Ndugu zetu walioko Dallas au Minneapolis wanaotaka kujenga Kitengela wanapaswa kulijua hili kabla ya kuweka sahihi.

Sasa nirudi kwa yule anayetaka kununua. Simkatazi. Mtu mwenye kipato imara na akiba ya kutosha hupata nafasi nzuri ya kujadiliana bei wakati soko limelala. Ninachomwomba ni kwamba kabla ya kutembelea nyumba yoyote, apige hesabu ya makato kwa riba iliyo juu ya ile anayopewa kwa pointi nne za asilimia, kisha aishi kwa hesabu hiyo miezi sita. Tofauti kati ya kodi anayolipa sasa na makato hayo aiweke akiba kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Akishindwa, amejua mapema na hajapoteza kitu. Akiweza, atakuwa pia amekusanya sehemu ya gharama ambazo wauzaji hawazitaji kwenye matangazo: ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, ada ya wakili, ya mthamini, bima, na malipo ya awali.

Aitazame pia hati yake ya mshahara kwa macho mapya. Sheria ya Ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tangu 2024 kuna ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75, na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yamekuwa yakipanda. Kiasi cha mkopo kilichowezekana miaka mitano iliyopita kwa mshahara uleule huenda leo hakiwezekani. Zipo pia nafuu chache: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hupunguza kipato kinachotozwa kodi kwa kiasi kisichozidi shilingi 360,000 kwa mwaka, na wafanyakazi wengi wanaostahiki hawajawahi kuidai.

Kwa anayestahili, ningemwelekeza kwanza aulize mikopo inayofadhiliwa na Kenya Mortgage Refinance Company (KMRC). Kampuni hii huzipa benki na sacco fedha za muda mrefu kwa riba nafuu, nazo hukopesha kwa riba isiyobadilika, kwa kawaida chini ya asilimia 10. Mkopo uleule wa milioni 6 kwa asilimia 9.5 ungekuwa wa makato ya takriban 55,930 kwa mwezi, na mwalimu wetu angelala akijua kwamba mwezi ujao ni vilevile. Kuna ukomo wa kiasi cha mkopo, na si kila benki huitangaza bidhaa hii kwa bidii, kwa hiyo iulizie kwa jina.

Neno moja kuhusu nyumba zinazouzwa kabla hazijajengwa. Wakati wa mdororo ndipo mjenzi huishiwa fedha, na mnunuzi aliyelipa nusu ya bei hubaki na msingi wa zege na risiti. Usilipe ila kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa, na wakili awe wako, asiwe yule uliyeletewa na muuzaji.

Na aliyekwisha kukwama? Kosa kubwa ninaloliona ni ukimya. Mtu anapoteza kazi, anaacha kupokea simu za benki, anatarajia mambo yatanyooka. Mwaka 2020 CBK ilipotangaza nafuu kwa waliokuwa wakilipa vizuri kufikia tarehe 2 Machi, sharti lilikuwa mkopaji mwenyewe aende benki. Walioenda hawakuwa wachache: kufikia Februari 2021 mikopo ya takriban shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki, ilikuwa imepangwa upya. Benki haipendi kuuza nyumba ya mtu. Mnada wakati soko limelala huleta bei mbaya kwa kila mhusika. Ukienda kabla hujalimbikiza makato yasiyolipwa, unaweza kuomba ulipe riba pekee kwa miezi kadhaa, au uuze nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, jambo ambalo ni chungu lakini hukuachia kitu mkononi.

Hata notisi zikianza, sheria imekuachia muda, nao ni wa kutumiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, malipo yakichelewa kwa mwezi mmoja benki inaweza kukupa notisi ya siku 90 ya kurekebisha hali. Ukishindwa, hufuata notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, kisha dalali hutoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vingine. Kama nyumba ni ya ndoa, rehani haikamiliki bila idhini ya mwenzi wako. Weka kila barua na bahasha yake yenye tarehe, kwa sababu kesi nyingi za minada huamuliwa kwa kuangalia notisi zilifika lini na kwa nani.

Kwa msimu huu kuna jambo jipya la kuulizia. CBK imebadilisha jinsi riba ya mikopo inayobadilika inavyopangwa. Mikopo mipya ilianza kutumia mfumo huo tarehe 1 Desemba 2025, na ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamia. Riba sasa kwa kawaida hujengwa juu ya KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki huongeza sehemu yake inayoitwa K, inayobeba gharama zake, faida ya wanahisa na hatari inayoiona kwako wewe mkopaji. KESONIA ni moja kwa wote, lakini K hutofautiana baina ya benki na hata baina ya wateja wa benki moja. Basi ukienda benki, ukiwa mkopaji mpya au wa zamani, omba upewe K yako kwa maandishi, pamoja na maelezo ya kilichoifanya iwe hivyo. Kisha nenda benki ya pili na sacco yako ukaulize vivyo hivyo kabla ya kuweka sahihi popote.