Muhula wa Rais Unahesabiwaje?

Tangu Machi 2021, kuna swali ambalo halikosekani katika mikutano yetu ya elimu ya sheria: Makamu wa Rais akipokea kiti katikati ya safari, miaka anayomalizia ni ya nani? Ya marehemu, au yake?

Jibu limo katika Ibara ya 40 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Akishika kiti kwa muda unaopungua miaka mitatu, ataruhusiwa kugombea mara mbili. Ukifika miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Rais John Magufuli aliapishwa kwa muhula wa pili tarehe 5 Novemba 2020, akafariki dunia tarehe 17 Machi 2021, hata miezi mitano haijatimia. Rais Samia Suluhu Hassan alipokea zaidi ya miaka minne iliyobaki. Kwa hiyo nafasi yake ya kugombea ilikuwa moja, ile ya Oktoba 2025, na kwa Katiba ilivyo sasa, 2030 hayumo.

Ibara hiyohiyo inasema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais. Neno "mfululizo" halimo, na ni bahati yetu. Urusi waliliandika, Vladimir Putin alipomaliza mihula miwili akawa Waziri Mkuu mwaka 2008, kisha akarudi Ikulu 2012 bila kuvunja sheria. Kwetu, kupumzika hakufuti hesabu.

Majirani zetu wa Burundi waliumizwa na hesabu hii. Katiba yao ya 2005 ilisema Rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, na anaweza kurudi mara moja. Lakini Rais wa kwanza chini ya katiba hiyo, Pierre Nkurunziza, alichaguliwa na Bunge, kwa utaratibu wa mpito. Ilipofika 2015 wafuasi wake wakadai muhula ule hauhesabiki, kwa kuwa wananchi hawakumpigia kura. Wapinzani wakashikilia Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, uliosema hakuna atakayezidisha mihula miwili. Mahakama ya Katiba ikamkubalia Nkurunziza. Watu wakauawa katika mitaa ya Bujumbura, na kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ikafurika wakimbizi. Nikisoma vifungu vile viwili vilivyopishana, huwa najiuliza kama sentensi moja tu ya ziada isingeokoa maisha.

Ukomo wetu uliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya 1984, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akang'atuka. Mwinyi, Mkapa na Kikwete, kila mmoja alikaa miaka kumi akakabidhi. Ni desturi ya kujivunia, ila ulinzi wake kisheria ni mwembamba. Chini ya Ibara ya 98, theluthi mbili ya wabunge wote wanaweza kuibadili Ibara ya 40, bila mwananchi kuulizwa. Kenya, kwa Ibara ya 255 ya Katiba ya 2010, muda wa Rais haubadilishwi bila kura ya maoni, na katika angalau nusu ya kaunti lazima wapige kura asilimia 20 au zaidi ya walioandikishwa. Mjadala wa Katiba mpya ukirudi mezani, kifungu cha namna hiyo ndicho ningekidai kabla ya vyote.